Gari Nyuma ya Ghala la Mahindi

Abiria wa matatu inayotoka Kitale kwenda Webuye hana sababu kubwa ya kuchungulia nje akifika Kiminini. Ataona maduka, bodaboda zimejipanga kusubiri wateja, kina mama wakiuza parachichi na nyanya, kisha mahindi yanaanza tena na kuendelea hadi Kamukuywa na zaidi. Anayetafuta magari ya zamani hutazama kwingine: nyuma ya nyumba, pale ghala linapopakana na zizi. Hapo ndipo utaona pua ya Land Rover imejitokeza katikati ya majani ya maboga, au Peugeot 404 iliyozama udongoni hadi usawa wa ringi, kuku wakiingia na kutoka mahali palipokuwa na kioo cha nyuma.

Magari hayo hayakufika huko kwa bahati. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi ya mashamba hayo yakapata njia ya kwenda mbali. Baada ya uhuru walowezi wengi waliuza ardhi wakaondoka, na aliyenunua shamba, awe mtu binafsi au chama cha ushirika, wakati mwingine alinunua pia trekta, jembe la diski na gari lililokuwa uani. Waliojiweza walinunua jipya. Land Rover iliuzwa na Cooper Motor Corporation, Peugeot ikauzwa na Marshalls, na kuhusu Peugeot hakuna aliyehitaji kubembelezwa: 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Mwalimu mkuu aliyekwama na 404 yake kwenye matope ya Aprili alijua fika kwamba gari la aina hiyo hiyo lilikuwa limetoka kwenye matope mabaya kuliko yale, nchi nzima ikisikiliza redioni.

Gari la namna hiyo halikuwa la mtu mmoja, hata kama logibuku ilidai hivyo. Lilipeleka maziwa, lilikimbiza wajawazito hospitali usiku wa manane, lilileta bibi harusi, lilirudisha maiti nyumbani. Ndiyo maana siku utakapouliza bei yake hutajibiwa na mtu mmoja.

Wa kwanza kuliwekea bei huwa mnunuzi wa chuma chakavu. Huja na mkokoteni na mizani, wala haulizi gari ni la mwaka gani. Kwake gari ni kilo. Land Rover humfurahisha zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu. Gari hilo lilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgao baada ya vita, na wahandisi wakakimbilia madini yaliyopatikana. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, kwa hivyo bodi imedumu. Lakini kwenye mizani ina bei kuliko chuma, kwa hivyo bodi hiyo hiyo hukatwa kwa shoka. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, na ilipofunguliwa tena Mei mwaka huo, ilirudi na masharti mapya. Naamini yapo magari ya uani yaliyopona kwa sababu ya miezi ile. Hata hivyo simdharau mtu wa mizani. Anataja bei, analipa leo, anaondoa mzigo wake. Kila mwenye gari bovu Kiminini anajua bei yake, na anayetaka kununua gari zima lazima aanzie juu ya hapo.

Bei ya familia ni jambo jingine. Nilikaribishwa katika boma moja nje kidogo ya mji kuangalia Land Rover Series IIA ya chasisi ndefu. Mjane wa mwenye gari alikuwa ameketi kwenye turubai akipukuchua mahindi. Kijana wa bodaboda aliyenileta alimwita kukhu, nami nikafuata.

“Mulembe, kukhu.”

“Mulembe. Umekuja kuliona au kulinunua?”

“Kuliona kwanza.”

“Wanaokuja kuliona ni wengi,” alisema bila kuacha kupukuchua. “Kuliona ni bure.”

Nilipomwomba aseme kiasi anachofikiria, hakutaja shilingi. Alisema mumewe alilinunua kwa mahindi ya msimu mzima. Watoto walirudishwa nyumbani kwa karo mwaka huo, na paa la jikoni likangoja mwaka uliofuata. “Sasa wewe,” akaniuliza, “utatoa mahindi ya msimu mzima?”

Nimelifikiria swali hilo kuliko maswali mengi niliyoulizwa na wauzaji wenye kompyuta. Shilingi ya miaka ya 1960 na ya leo hazijuani, lakini msimu wa mahindi unaeleweka mpaka sasa: ni mbegu, mbolea, palizi, hofu ya mvua kukatika na hofu ya mvua kuzidi. Kukhu alikuwa akipima kwa kipimo ambacho hakiliwi na mfumuko wa bei. Ambacho kipimo chake hakikuonyesha ni kwamba gari lile lilikuwa limekwisha kurudisha msimu huo, tena mara nyingi, kwa kila debe la maziwa na kila gunia lililofika sokoni. Yeye alikuwa akidai bei ya siku lilipoingia bomani. Mimi nilikuwa nikitazama lililobaki.

Kisha simu ikaletwa. Upande wa pili alikuwa mwanawe mkubwa, yuko Nairobi, ana adabu, na jibu lake lilikuwa fupi: “Hilo haliuzwi, ndugu yangu. Nikistaafu nitalitengeneza mwenyewe.”

Kila boma lenye gari la zamani lina mtoto kama huyo, na mara nyingi anasema kweli kuhusu nia yake. Lakini niseme ninavyoona: ahadi ya kustaafu imeua magari mengi kuliko ajali. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha kuanzia Machi hadi karibu na mwisho wa mwaka. Kutu haina likizo ya miaka 15. Fuata barabara hiyo hiyo kaskazini, upite Kapenguria, uteremke hadi Lodwar, utakuta Land Rover ya umri ule ule imekaa jangwani na chasisi yake bado inalia kengele ukiigonga. Mpira wote umekauka na kupasuka na rangi imegeuka unga, lakini mpira na rangi hununuliwa. Lipeleke gari hilo Mombasa, chumvi ya bahari italila kwa muda mfupi kuliko mvua ya Kitale. Kwa hiyo kabla sijauliza gari ni la mwaka gani, huuliza limelala wapi, na juu ya nini. Gari lililowekwa juu ya mawe manne limetunzwa, hata kama mwenyewe hakujua kwamba anatunza. Lililoachwa lizame udongoni linaoza kutoka chini kwenda juu.

Hili la Kiminini lilikuwa juu ya matofali upande wa nyuma na juu ya udongo upande wa mbele. Taa zake kubwa zilikuwa zimekaribiana kwenye wavu wa radieta, na kwa hilo unajua kwamba halijafika mwisho wa miaka ya 1960, maana baadaye taa zilihamishiwa kwenye madigadi. Nilitandika gunia chini, nikaingia na nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Chasisi ya Land Rover ni boksi la chuma, wazi ndani, na kutu yake huanzia huko ndani ambako hakuna anayeona. Ukisubiri ijitokeze nje umechelewa. Unagonga kutoka nyuma kwenda mbele na kusikiliza. Kati ya ekseli mbili sauti ilikuwa safi. Nilipofika mbele, karibu na kishikio cha springi upande wa kulia, mahali ambapo nambari ya chasisi huchongwa, sauti ikazama, na bisibisi ikaingia kama kwenye ugali. Hapo hapo hesabu ikapanda, maana si kazi ya kubandika kiraka. Lazima kipande kizima kikatwe na kingine kiundwe, na nambari ile isiguswe, kwa sababu gari lisilo na nambari ya chasisi halina tofauti na gari la wizi.

Ndani, waya zote zilikuwa zimeliwa. Gari likikaa jirani ya ghala la mahindi panya hulifanya nyumba ya wageni, na sijawahi kuona gari la Trans Nzoia lililolala miaka mingi likiwa na waya nzima. Niliinua kiti cha dereva nikakuta magunzi, vumbi la pumba, na tangi la petroli lenye harufu ya vanishi. Ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva ulikuwa na matundu mawili ya kupitisha kidole. Lakini boneti ilikuwa imefungwa siku zote, plagi zipo, kabureta haijang'olewa, kwa hiyo maji hayakupata njia ya kuingia kwenye silinda. Niliuliza kama ile hendeli ya kuwashia kwa mkono ipo. Mjukuu akaenda akaileta kutoka zizini, ambako ilikuwa komeo la mlango wa ndama. Tulifungua plagi, tukamimina dizeli kidogo katika kila tundu, tukaitwa chai. Baadaye nikaingiza hendeli kwenye tundu la chini ya radieta, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikasogea. Si mzunguko, hata robo haikufika, ila ilisogea, na mjukuu akapiga kelele kama mpira umeingia golini.

Watu huniuliza kwa nini nisiagize tu lililo zima kutoka nje. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Yaliyopo ndiyo hayo. Likikatwa moja, limepungua moja.

Hesabu ya bei ninayoifanya ni ya kutoa. Tuseme, kwa mfano tu, Land Rover kama hiyo ikiwa imekamilika, imepakwa rangi na inatembea, itapata mnunuzi wa shilingi 1,500,000. Toa gharama ya lori la kulibeba. Toa chasisi na ule ukuta wa mbele. Toa kufungua injini, breki zote, waya mpya, matairi matano, viti, turubai, rangi. Toa nauli za kwenda barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengine bado huiita Grogan, kutafuta spea ambayo muuzaji anaapa ni ya IIA, ukifika nyumbani unakuta ni ya Series III. Toa kitu cha dharura, maana fundi hajawahi kufungua gari akakuta kazi kidogo kuliko aliyotabiri. Ukifika 1,300,000 utakuwa umejitahidi. Zimebaki 200,000, na hizo ndizo pesa unazoweza kumpa mwenye gari bila kupata hasara, ukichukulia kwamba kazi yako ya jioni na Jumamosi haina thamani yoyote.

Ukweli ni kwamba mara nyingi hesabu hii hushuka chini ya sifuri. Ndiyo sababu sipendi neno “uwekezaji” likitumiwa na wapenzi wa magari ya zamani. Wengi wao wanalitumia kumtuliza mke au meneja wa sako. Mtu anayenunua gari bovu ananunua kazi anayoipenda, na kazi anayoipenda mtu huigharamia mwenyewe kama vile wengine wanavyogharamia kwaya au ng'ombe wa kupigana. Akilikubali hilo mapema atajadili bei vizuri zaidi, kwa sababu hatajidanganya kwamba pesa alizozidisha leo zitarudishwa na mnunuzi fulani wa kesho.

Muuzaji naye ana hadithi zake. Katika kanda hii hakuna Land Rover ya zamani ambayo haikumbeba Jomo Kenyatta. Chanzo chake kinaeleweka: kesi ya Kapenguria ilianza Desemba 1952, na kwa kuwa Kapenguria hapakuwa na hoteli, mawakili wa utetezi walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda mahakamani, vumbi tupu. Magari yalikuwa mengi barabarani, na kumbukumbu ikayazidisha. Lakini Series IIA ilianza kutengenezwa mwaka 1961, na Agosti mwaka huo Kenyatta alikuwa ameachiliwa. Mzee akikuambia kwamba IIA yake ilimpeleka Kenyatta kortini Kapenguria, nyamaza, unywe chai. Usimwaibishe mbele ya watoto wake, na usiilipie hadithi hiyo hata shilingi moja.

Hadithi yenye ushahidi ndiyo hulipiwa. Februari 2015, mjini Paris, yalipigwa mnada magari 59 ya Roger Baillon, mfanyabiashara wa usafirishaji aliyeyakusanya na kuyaacha shambani magharibi mwa Ufaransa kwa miongo mingi. Ferrari moja ya 250 GT California Spider, iliyofukuliwa chini ya rundo la magazeti ya zamani, ilinunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 16, vumbi lake likiwa juu yake. Mwigizaji Alain Delon aliwahi kulimiliki, na picha zake akiwa ndani yake zipo. Vumbi la Ufaransa lilikuwa na cheti. La kwetu halina, nami ninayenunua Kiminini sistahili kulipishwa kana kwamba linacho.

Cheti cha huku ni karatasi. Namba za usajili zisizo na herufi mwishoni zinakuonyesha kwamba gari liliandikishwa kabla ya 1989, mwaka ulipoanza mfululizo wa KAA wenye herufi ya nyuma. Zaidi ya hapo unahitaji logibuku, na logibuku nyingi ziko kwa majina ya marehemu. Nyingine zilipotea katika fujo za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, pamoja na hati za mashamba na vyeti vya shule. Ikiwa mwenye gari amefariki, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama haiwezi kuliandika kwa jina lako kwa neno la mjane peke yake. Inabidi familia ipitie mlango wa mirathi: barua ya chifu, orodha ya warithi, kisha mahakama. Na warithi ni wote, mabinti walioolewa wakiwemo, pamoja na yule wa Nairobi asiyetaka kusikia habari ya kuuza. Gari zuri ambalo mrithi mmoja amekataa kulitilia sahihi lina thamani ya spea zake tu. Gari bovu lenye sahihi zote ni gari. Nimeona wanunuzi wakipita kichochoroni, wakapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na shahidi mmoja, wakaweka pesa nyingi kwenye gari ambalo hawataweza kulikatia bima wala kuliuza kwa halali. Huo ni ukaidi, na sina huruma nao.

Limebaki swali ambalo wengi huliacha mpaka gari limefika gereji, nami naona lingepaswa kutangulia: unalitengeneza mpaka wapi? Yupo anayetaka kulipeleka Nairobi kwenye Concours d'Elegance, shindano la klabu ya wenye Alfa Romeo lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambako majaji huinama kukagua hata uchafu wa chini ya gari. Huyo lazima alipake rangi upya, anyooshe kila mbonyeo, atafute kila skrubu ya asili. Mimi sina haja hiyo. Mibonyeo ya Land Rover hii ni ya kugonga milango ya ghala na mapembe ya ng'ombe, na aluminiamu iliyobonyea haivuji. Ninachotaka ni chasisi salama, breki zinazoshika, waya zisizoweza kuwaka moto, injini inayowaka asubuhi. Rangi ibaki hiyo hiyo, iliyopauka.

Hilo si suala la ladha pekee. Linabadilisha hesabu nzima. Gari la kazi lisilopakwa rangi haliwezi kuuzwa 1,500,000. Tuseme 1,100,000. Lakini gharama nazo, rangi na viti vipya na kunyoosha bodi vikiondolewa, zinaweza kushuka hadi 650,000. Zinabaki 450,000 badala ya 200,000. Yaani kadiri ninavyopunguza kiburi changu gereji, ndivyo ninavyoweza kumfikia kukhu. Bado huo si msimu wa mahindi kwa kipimo chake, ila umeanza kufanana nao.

Nilimpigia mwanawe jioni hiyo nikamsomea mahesabu yote, mstari kwa mstari, pamoja na lile tundu la chasisi na waya zilizoliwa. Nikamwambia sitaligusa jina la shamba lililoandikwa mlangoni. Alikaa kimya kwa muda. Nilidhani atarudia kwamba haliuzwi.

“Hizo laki nne na nusu,” akasema, “ni pamoja na gharama za korti, au korti ni juu yetu?”

“Tugawane,” nikamjibu.

“Hapana. Korti ikiwa juu yako, nitaongea na dada zangu.”